Mashine ya laki sita na themanini, au kijana wa elfu ishirini na tano?

Swali la msomaji wa Goba, Dar es Salaam:
"Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 30. Ukitoa nyumba na sehemu ya kuegesha magari, nyasi zimebaki kama mita za mraba 300, na upande wa nyuma ni mteremko. Kuna kijana anakuja na mashine yake ya kufyekea, namlipa 25,000 kila akija. Mume wangu ameona mashine ya kusukuma Kariakoo kwa 680,000. Anasema mwaka hauishi itakuwa imejilipa, na atakata mwenyewe Jumamosi na mtoto wetu wa miaka kumi. Mimi sina uhakika. Nyasi zenyewe zimeanza kuwa za manjano, kuna majani magumu yanachomoza kila siku, na jirani anasema mbu wote mtaani wanatoka kwetu. Tununue au tuendelee na kijana?"

Jibu:

Dada, nianze na hesabu ya mumeo maana ndiyo imeleta mjadala nyumbani, na kusema kweli hajakosea sana.

Nyasi za huku pwani hazikui mwendo mmoja mwaka mzima. Masika, Machi hadi Mei, zinataka kukatwa kila siku kumi, yaani kama mara tisa. Vuli, Oktoba hadi Desemba, kila baada ya wiki mbili inatosha, tuseme mara saba. Miezi sita iliyobaki ni mara moja kwa mwezi. Jumla mara 22. Zidisha kwa 25,000 unapata 550,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mashine haijilipi ndani ya mwaka mmoja, ila ukiweka petroli, oili, plagi na kunoa kisu, mwaka mmoja na nusu hivi inakuwa imerudisha pesa yake, na ikitunzwa itaendelea kukata miaka kadhaa baada ya hapo.

Kwenye karatasi mumeo ameshinda. Nje ya karatasi kuna Jumamosi.

Mashine za kusukuma za kawaida zinakata upana wa sentimeta 46 hivi. Kwa kuwa kila mstari lazima ulalie kidogo ule uliotangulia, hesabu 40. Mita za mraba 300 kwa upana huo ni kutembea mita 750, pungufu kidogo ya mizunguko miwili ya uwanja wa riadha. Hiyo si kazi ya kumtisha mtu mzima. Ongeza mteremko, ongeza kingo za ukuta na mashina ya miti ambako mashine ya kusukuma haifiki, ongeza kuokota mawe na mifuko kabla ya kuanza, kufagia na kuosha mashine baada ya kumaliza. Inakuwa saa mbili. Saa 44 kwa mwaka mzima bado si nyingi.

Tatizo ni kwamba saa hizo hazichagui siku. Masika ikishika, nyasi hazijui kwamba Jumamosi hii kuna kikao cha harusi ya mtoto wa shemeji, ijayo kuna msiba Kibaha, na ile ya tatu mvua imeanza saa moja asubuhi haikatiki. Wiki tatu zikipita nyasi ziko nusu ya muundi. Mashine ya kusukuma ikiingizwa humo inakabwa na kuzima kila hatua mbili. Mtu anachoka, anaegesha, anampigia simu kijana wa mashine ya kufyekea, naye anakuja kuzishusha mpaka mchanga unaonekana. Nimeingia stoo nyingi za watu, mashine niliyoikuta chini ya godoro kuukuu ni nyingi kuliko niliyoikuta imelowa nyasi. Simsemi mumeo, simjui. Ila muulize kwa upole: mwezi uliopita alikuwa na Jumamosi ngapi za kwake?

Sasa kwenye manjano, maana hapo ndipo pesa yenu inapopotelea bila mtu kuiona.

Nenda uwanjani siku mbili baada ya kijana kukata. Chuma jani moja, litazame ncha kwenye mwanga. Kama ncha imekatika mstari safi, chombo kina makali. Kama imechanika nyuzinyuzi na kugeuka kahawia iliyopauka, lile jani halikukatwa, lilipigwa. Uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea unapiga, na kisu butu cha mashine yoyote kinapiga vilevile. Eneo zima la ncha zilizochanika ukilitazama kutoka barazani linaonekana limekauka hata kama maji yapo.

Sababu kubwa zaidi ni kimo. Watunza bustani wana kanuni ya theluthi: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Jani ndilo jiko la mmea. Ukiondoa jani lote, mmea unaacha mizizi, unaanza kutumia akiba yake kutengeneza jani jipya, na mizizi inayorudi inakuwa mifupi. Mizizi mifupi kwenye udongo wa kichanga ni kiu ya kila siku. Kama nyasi zenu ni zile za majani mapana zinazoitwa nyasi za Pemba, ziache upana wa vidole vinne kutoka ardhini. Kama ni ukoka, wenye majani membamba, vidole viwili vinatosha. Na kama kuna mtu aliwauzia zile nyasi za Kikuyu kutoka nyanda za juu, aliwapa mmea wa baridi. Huko zinameza bustani nzima, huku zinahangaika.

Najua hili kwa kujiunguza. Januari moja tulikuwa na shughuli nyumbani kwangu, nikataka uwanja uwe kama kapeti. Nikamwambia kijana ashushe mpaka mwisho. Siku ya shughuli ulipendeza kweli, watu wakapiga picha. Baada ya wiki moja ya jua la Januari nilikuwa na uwanja wa rangi ya mkeka, na haukurudi kijani mpaka masika yalipokolea. Mtu wa bustani mzima, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na kitu.

Kosa lilikuwa la kijana? Hapana, nilimwagiza mwenyewe. Hapo ndipo ninapotaka mtazame mkataba wenu naye. Ukimlipa mtu kwa safari, wewe mwenye nyumba ndiye unayetaka akate chini kabisa, ili ukae muda mrefu bila kumwita tena. Yeye naye anajua asipokata chini utasema hajafanya kazi. Wote wawili mnavuta upande mmoja, na nyasi ndizo zinazolipa. Mlipe kwa mwezi. 45,000 kwa mwezi ni 540,000 kwa mwaka, karibu sawa na mnachotoa sasa. Masika atakuja mara tatu kwa mwezi, kiangazi atakuja mara moja, na siku hiyo hata kama hakuna cha kukata atang'oa magugu, atanyoosha kingo na kutandaza samadi. Naye anapata pesa ya uhakika mwezi wa Agosti, wakati wenzake wamekaa vijiweni hawana pa kufyeka.

Mkubaliane kwa maneno yaliyo wazi: kimo ni vidole vingapi, na apime mbele yako mara ya kwanza. Asikate ardhi ikiwa imeloa tepetepe. Aoshe mashine yake kabla ya kuingia kwako, maana inatoka na mbegu za uwanja wa mtu mwingine. Avae miwani na viatu vya kufunika. Kabla hajawasha, watoto waingie ndani na gari lisogezwe, kwa sababu kokoto ikirushwa na kisu kile haichagui kioo wala jicho. Mkubaliane pia nani atalipa kioo kikivunjika. Akijikata mguu uwanjani kwako, tusidanganyane, ni wewe utakayetafuta bajaji ya kumpeleka hospitali, mkataba uwepo usiwepo.

Yale majani magumu yanayochomoza kila siku naamini ni ndago. Shika shina lake lizungushe kati ya vidole viwili. Likiwa na pembe tatu, ndiyo yenyewe. Ukilivuta linakatika kirahisi, unaona umeshinda. Chimba taratibu palepale kwa kisu cha jikoni kilichochoka: utakuta kiazi cheusi kidogo kama karanga, kimeungana na kingine kwa uzi mwembamba, na kingine tena, kama tasbihi. Kila punje inaweza kuota. Kufyeka hakuifanyi ndago chochote, na jembe linaipanda upya kwa kuzitawanya punje. Mara nyingi huingia na udongo au samadi ya kwenye lori. Kama mlijaza udongo wakati wa kupanda nyasi, basi mlinunua na hiyo.

Usimruhusu mtu yeyote apulizie dawa ya kuua magugu yote juu ya nyasi. Dawa zile haziulizi nyasi na gugu, zinaua vyote, na ndago ndiyo itakuwa ya kwanza kurudi kwenye kipara kilichobaki. Kinachofanya kazi ni uvumilivu: baada ya mvua udongo ukiwa laini, dakika kumi na tano jioni, kisu na ndoo, unachimba na punje zake unazitupa kwenye takataka, si kwenye mboji. Ndago pia haipendi kivuli. Nyasi nene zilizoachwa kwenye vidole vinne zinaifunika na kuinyima jua, wakati nyasi zilizonyolewa zinaifungulia mlango. Kwa hiyo manjano yako na ndago yako vina mzazi mmoja.

Kuchimba ndago ndiyo kazi ambayo huwezi kuikodi. Kijana anayepita mara tatu kwa mwezi haoni ndago tatu zilizochomoza Jumanne, anaiona ikiwa mia. Wewe unayetembea na kikombe cha chai asubuhi ndiye unayeiona. Miaka yote hii nimewaambia watu hivi: kukata kodi, kutazama fanya mwenyewe.

Sijafika kwenye jambo ambalo hukuliuliza na ndilo lenye gharama kubwa. Maji.

Nyasi za kijani wakati wa jua zinataka kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa mita zenu 300 hizo ni lita 7,500 kwa wiki, yaani simtanki la lita 5,000 na nusu yake. Kwa mwezi ni uniti 30 za maji, kwa ajili ya majani tu, kabla hujapika wala kufua. Chukua bili yako ya mwezi wa Februari uitazame tena. Kama mnanunua maji ya boza, nadhani umeshaacha kusoma na kuchukua kikokotoo. Na kama ni kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya Dar, nyasi za kawaida zitapauka mkizimwagilia. Aina inayovumilia chumvi ni paspalum, ile ya kando ya bahari.

Ukitaka kujua unamwaga kiasi gani, weka makopo matupu ya nyanya sehemu nne za uwanja wakati wa kumwagilia, kisha pima kina cha maji kwa rula. Wengi hugundua kona moja inapata mara tatu ya nyingine. Mwagilia mara mbili kwa wiki kwa kina, asubuhi, badala ya kurashia kila jioni. Ukoka unaweza kuuacha ukauke kabisa kiangazi, unajifanya umekufa, mvua ikinyesha unaamka. Nyasi za Pemba hazina subira hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani akate, ningeuliza kwa nini mna mita 300. Bibi zetu wa pwani walikuwa na uwanja wa mchanga uliofagiliwa kwa chelewa kila asubuhi, nyoka akipita unaona michirizi yake. Uwanja wa kijani mtupu ulikuja na nyumba za wakoloni, waliozoea nchi ambako mvua hainyeshi kwa misimu miwili tu. Mashine yenyewe ilibuniwa Uingereza mwaka 1830 na Edwin Budding, aliyechukua wazo kwenye mtambo wa kiwandani wa kunyoa vitambaa vya sufu. Sisemi mfagie mchanga. Nasema acheni nyasi pale watoto wanapocheza na mnapokaa jioni, tuseme mita 120 mbele ya baraza.

Nyuma kwenye mteremko msiache udongo wazi, masika yatauhamishia kwa jirani wa chini na mtakutana serikali ya mtaa. Pandeni mistari ya mchaichai kukatisha mteremko, hatua moja na nusu kati ya mstari na mstari. Mizizi yake inashika udongo vizuri, na chai mtakunywa mpaka mgawe. Katikati ya mistari wekeni matembele. Yanatambaa, yanafunika ardhi na kutia magugu kivuli, na kila wiki mnachuma mboga. Maji yanataka pia, ila haya maji unayala. Yasisogee karibu na mlango tu, nyoka anapenda kujificha chini ya marando. Pevingi uwanja mzima sikushauri: joto lake usiku utalisikia kitandani, na maji yote ya mvua yatateremka kwa kasi kwenye mteremko uleule.

Nyasi zikishakuwa mita 120, mazungumzo na kijana yanaanza upya, bei ishuke. Na mumeo, kama bado moyo wake uko kwenye mashine, hapo ndipo ninapompa baraka zangu, ila si ya petroli. Zipo ndogo za umeme za wati 1,200 mpaka 1,600. Eneo hilo litamchukua nusu saa, na nusu saa haimalizi uniti moja ya LUKU. Asiitumie nyasi zikiwa na umande wala mvua, waya aubebe begani upande wa nyuma yake asije akaukata, na kila msimu anoe kisu.

Akinunua ya petroli licha ya yote haya, kitu kimoja tu: aulize dukani kama injini ina sehemu yake ya oili, kama bodaboda, au oili inachanganywa kwenye petroli. Za kusukuma nyingi ni za aina ya kwanza, za kufyekea nyingi ni za aina ya pili. Ile ya kuchanganya, kitabu kikisema 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, kikisema 25 kwa 1 ni mililita 40. Petroli kavu inaua injini hiyo ndani ya dakika chache, na kila ukimwazima mtu mashine yako, hilo ndilo atakalolifanya.

Kwa sasa mwambie anunue fyekeo jipya na tupa ya kulinolea. Sote tulienda nalo shuleni, mkono haujasahau. Kingo zote za ukuta atazimaliza Jumamosi moja kabla ya saa tatu asubuhi, halafu aende zake kwenye kikao. Majani yaliyokatwa, yakiwa mafupi, yaacheni palepale. Yakioza yanarudisha kiasi cha robo ya mbolea ambayo nyasi zingetaka. Kuyachoma ni kuchoma pesa na kumtia jirani moshi.

Jirani mwenyewe mjibu hivi kwa heshima: mbu hazaliwi kwenye majani. Anapumzika humo mchana, ndiyo, hasa penye unyevu, lakini mayai anataga kwenye maji. Yule wa dengue, iliyotusumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, anapenda maji yaliyotuama kwenye vitu: tairi, kopo, kisahani cha chini ya chungu cha maua, mfuniko wa simtanki uliobonyea. Unaweza kunyoa uwanja mpaka ukang'aa na ukabaki na mbu walewale.

Na mtoto wa miaka kumi asisukume mashine. Madaktari wa watoto Marekani, ambako karibu kila nyumba ina mashine ya aina hiyo, wanataka mtoto afike angalau miaka 12 ndiyo aiguse ya kusukuma. Mpe kazi yake: kila Jumapili azunguke uwanja mzima apindue kila kitu chenye maji, yakiwemo yale makopo yenu ya kupimia. Akikuta viluwiluwi aje awaonyeshe kabla ya kuwamwaga.